Imezimwa, Imezimika au Imejizima? Amplifaya, Fundi na Kiswahili cha Ziwa Mweru

Wanafunzi wetu wa Kiswahili hufika mwaka wa pili wakiweza kununua nyanya sokoni, kuulizia njia ya posta na kumweleza daktari mahali panapouma. Mara chache wamefundishwa kumweleza fundi kifaa kilichoharibika. Lakini mtu akiishi mahali ambapo Kiswahili kinatumika, hitaji hilo huja mapema, na asiyejua kueleza vizuri hulipia matengenezo ambayo hayakuhitajika.

Katika makala hii tutachukua tatizo moja tu. Ni la amplifaya ya nyumbani, ile inayopokea sauti kutoka kwenye televisheni, deki au king'amuzi na kuigawa kwenye spika mbili, tano au zaidi. Amplifaya hiyo inapiga vizuri, kisha ghafla inajizima bila kuguswa. Tutalitazama tatizo hili mahali pamoja, Nchelenge, Zambia, kwa sababu pale lugha na umeme vinakutana kwa namna inayofundisha.

Kwa nini Nchelenge?

Nchelenge ni makao makuu ya wilaya katika Jimbo la Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Wazambia huyaita makao ya aina hiyo "boma", neno ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa. Jirani yake ni Kashikishi, ambako chisense, samaki wadogo wanaofanana na dagaa, huuzwa baada ya kuanikwa juani. Lugha kubwa ya eneo hilo ni Kibemba. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha saba za kienyeji zilizokubaliwa rasmi kwa shule na redio nchini Zambia.

Hata hivyo Kiswahili kipo. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na miji ya Kilwa na Pweto imo katika Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. (Kilwa hiyo isichanganywe na Kilwa ya pwani ya Tanzania, wala na kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani humo humo upande wa Zambia.) Katika karne ya 19 Tippu Tip alipita katika nchi ya Nsama, kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, na habari zake zimo katika tawasifu yake ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kambi za Kala na Mwange, katika maeneo ya jirani, zilihifadhi wakimbizi wa Kongo. Kisha Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya ya Nchelenge yenyewe, kwa Wakongo waliokimbia mapigano ya majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Kwa hiyo si ajabu kusikia Kiswahili mbele ya meza ya fundi redio, mteja akitumia cha Katanga na fundi akijibu kwa kile alichojifunza kwingine.

Jina la kifaa

Kazi ya kwanza ni kukipa kifaa jina ambalo fundi atalielewa. Neno "kipaza sauti" tunalolifundisha darasani lina utata: wengine hulitumia kwa kifaa kinachoshikwa mkononi na msemaji, wengine kwa kile kinachotoa sauti ukutani. Neno "risiva" nalo kwa watu wengi humaanisha king'amuzi cha dishi. Dar es Salaam watu wataja "amplifaya", "redio", au "sabufa" hata pale seti nzima inapokusudiwa. Wakongo husema "ampli", na spika huziita "bafle", maneno yaliyoingia kwa njia ya Kifaransa. Mzambia atataja umeme kuwa "amalaiti".

Hata neno "umeme" lina mtego wake. Maana yake ya zamani ni ule mwanga wa mawinguni. Katika Luapula, ambako mvua za radi hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, mtu akisema "umeme umeipiga ampli", fundi lazima aulize: ni radi, au ni nguvu ya umeme wa nyumbani iliyozidi? Jibu huelekeza mahali pa kuanzia kutafuta.

Kitenzi hubeba nusu ya kazi

Angalieni sentensi nne zifuatazo:

Ampli imezimwa. Kuna mtu aliyeizima. Fundi hana kazi hapa.

Ampli imezimika. Imefikia hali ya kuzima. Sentensi haisemi kwa sababu gani. Pengine umeme wenyewe haupo.

Ampli imejizima. Umeme upo, mtu hakuigusa, kifaa chenyewe kimechukua hatua.

Ampli hujizima. Jambo hili limekuwa tabia yake. Si la leo tu.

Kwa mwanafunzi huu ni mnyambuliko wa vitenzi: kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka, kirejeshi "-ji-" na kiambishi "hu-" cha mazoea. Kwa fundi hizi ni hitilafu nne tofauti. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu husema tu "imezima", na wanaeleweka. Lakini "imezima" humlazimu fundi kuuliza zaidi, na "imekufa" haimwambii chochote.

Katika Kiswahili cha Katanga mazoea huonyeshwa kwa kiambishi "-ak-" mwishoni mwa kitenzi: "inazimaka". Mwalimu asikimbilie kukiita kosa. Kinafanya kazi ile ile ya "hu-", na anayekijua atajua mara moja kwamba tatizo hurudia.

Umeme nao una vitenzi vyake. "Umekatika" ni tatizo la laini au zamu ya mgao. "Umekatwa" ni uamuzi wa mtu au shirika. "Umekwisha" ni kwamba mita ya kulipia kabla haina salio, jambo linalojulikana kwa watumiaji wa ZESCO Zambia sawa na kwa watumiaji wa LUKU Tanzania. Mtu anayeyachanganya haya matatu anaweza kubeba amplifaya nzima hadi sokoni, kumbe dawa ni kununua umeme.

Kwa nini kifaa kijizime?

Watu wengi hudhani kujizima ni ugonjwa. Mara nyingi ni kinga. Ndani ya amplifaya za kisasa kuna saketi ya ulinzi inayoangalia mambo manne: joto, kiasi cha mkondo unaokwenda kwenye spika, umeme usiobadilika mwelekeo unaovujia kwenye spika, na hali ya umeme unaoingia. Kimoja kikivuka kiwango, swichi ndogo iitwayo relei huachia kwa mlio wa "tik", spika hutengwa, na taa ya mbele huanza kumetameta au kifaa huzima kabisa. Bila kinga hiyo spika zingeungua, na pengine nyumba pia.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe "kinajikinga na nini?", na linalolijibu vizuri kuliko yote ni "hujizima lini?"

Hujizima mara tu ikiwashwa

Sababu ya kawaida ni waya za spika kupiga shoti. Uzi mmoja mwembamba wa shaba ukichomoza kwenye tundu jekundu na kugusa tundu jeusi, unatosha. Zima, chomoa plagi ukutani, kisha fungua waya zote za spika na nyaya za vifaa vingine. Washa amplifaya ikiwa peke yake. Ikitulia, hitilafu iko nje: zima tena, rudisha spika moja moja, ukichomoa plagi kila mara, mpaka uipate inayoleta shida. Ikijizima hata ikiwa peke yake, huenda transista za kutolea sauti zimeungua au sehemu inayogawa umeme ndani imeharibika. Hapo ni kazi ya fundi.

Hujizima sauti ikipandishwa

Hapa hesabu inasaidia. Spika ya omu 8 ikipewa volti 20 huvuta ampea 2.5, yaani wati 50. Ukiongeza spika nyingine ya omu 8 sambamba nayo kwenye tundu lile lile, jumla huwa omu 4, na mkondo huwa ampea 5, wati 100. Ukiweka mbili za omu 4 sambamba, unapata omu 2, ampea 10, wati 200. Amplifaya inaona mkondo umezidi, inajizima. Nyuma ya kifaa pameandikwa kiwango cha chini cha omu kinachoruhusiwa, kisivukwe. Mwenye mita anaweza kupima spika iliyofunguliwa: spika nzima ya omu 8 husoma takriban 6 au 7. Ikikaribia sifuri, koili imepiga shoti. Ikiwa mita haisogei kabisa, koili imekatika.

Hujizima baada ya nusu saa au saa moja

Hili ni joto. Amplifaya hupumua kwa matundu ya juu na ya ubavuni. Ikiwekwa kabatini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, au king'amuzi kikakaa juu yake, joto halina pa kwenda. Vumbi la barabara na wadudu wanaofuata taa usiku huziba matundu hayo. Iache wazi, na nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu yake. Safisha matundu kwa brashi laini, plagi ikiwa imechomolewa. Kama ina feni, sikiliza kama bado inazunguka.

Hujizima saa za jioni tu

Jioni kila nyumba inapika na kuwasha taa. Kwenye laini ndefu nguvu ya umeme hushuka kadiri unavyokwenda mbali na transfoma. Umeme wa Zambia ni volti 230. Ukishuka sana, sehemu inayogawa umeme ndani ya amplifaya hushindwa, hasa sauti ikiwa juu. Dalili yake ni taa za nyumbani kufifia kila besi inapogonga. Stabilaiza husaidia, mradi uwezo wake kwa wati uwe mkubwa kuliko mahitaji ya kifaa.

Wanaotumia sola waulize swali jingine: aliyezima ni amplifaya au inveta? Kama televisheni na taa zimezima pamoja nayo, mtuhumiwa ni inveta au betri. Kifaa cha wati 300 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 25, bila kuhesabu kinachopotea ndani ya inveta; betri iliyochoka haistahimili muda mrefu. Swali hili lilipata uzito mwaka 2024, ukame ulipopunguza umeme wa maji ambao Zambia inautegemea sana, na watu wakakaa saa nyingi za siku bila umeme. Katika mgao wa namna hiyo ni vizuri kuchomoa vifaa umeme unapokatika, na kungoja dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu nguvu inayorudi huweza kuja kwa kishindo.

Hujizima kwa muda ule ule kila mara, au wakati wa ukimya

Huenda si hitilafu kabisa. Amplifaya nyingi zimepangwa zijizime zisipopokea sauti kwa muda fulani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Januari 2013 zilitaka vifaa vya nyumbani vijipeleke vyenyewe kwenye hali ya kungoja, na watengenezaji wengi huuza vifaa vya namna hiyo duniani kote. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa kulala au wa kujizima, uufunge.

Hujizima ikiguswa au meza ikitikiswa

Angalia plagi. Kifaa kilichonunuliwa Kongo huja mara nyingi na plagi ya pini mbili za mviringo, wakati soketi nyingi za Zambia ni za pini tatu bapa. Adapta iliyolegea hupoteza umeme kwa nukta moja, na hiyo inatosha. Adapta yenye moto au harufu ya kuungua itupwe siku hiyo hiyo.

Mazungumzo ya mfano

Haya yametungwa kwa ajili ya darasa. Mteja ni mama wa Pweto mwenye ukumbi mdogo wa video. Fundi yuko Kashikishi.

Mteja: Jambo, papa fundi.
Fundi: Jambo, mama. Karibu. Kuna shida gani?
Mteja: Ampli yangu inazimaka.
Fundi: Hujizima yenyewe, au umeme ndio unaokatika?
Mteja: Yenyewe. Televisheni inabaki inawaka.
Fundi: Mara tu ukiiwasha, au baada ya muda?
Mteja: Baada ya muda. Asubuhi haina shida. Magaribi, watu wakijaa kuangalia mpira, inazima.
Fundi: Ukiigusa juu, ina joto?
Mteja: Joto kali, papa. Mkono haukai.
Fundi: Umeiweka wapi?
Mteja: Ndani ya kabati, na kitambaa juu, vumbi isiingie.
Fundi: Na bafle ni ngapi?
Mteja: Zilikuwa mbili. Juma lililopita kijana wangu aliongeza mbili, walio nje nao wasikie.
Fundi: Basi mama, usinipe pesa bado. Itoe kabatini, ondoa kitambaa, fungua hizo bafle mbili za nje. Ikimaliza mpira bila kuzima, ni nzima. Ikijizima tena, niletee pamoja na bafle zote.

Tuangalie kilichotokea. Fundi hakufungua skrubu hata moja. Kwa maswali sita alitenga umeme na kifaa, akaondoa shoti ya waya, akabaki na joto na wingi wa spika, ambavyo husaidiana: spika nyingi huvuta mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa huleta joto. Aidha, alichukua neno "bafle" la mteja wake badala ya kumsahihisha, naye akaitwa "papa", heshima ya Kikongo kwa mwanamume. Kama mteja angekuwa Mbemba, fundi huenda angemwita "bamayo". Adabu hiyo ni sehemu ya ufundi, maana mteja anayeonewa aibu kwa lugha yake hufupisha maelezo, na maelezo mafupi huficha hitilafu.

Yasiyofanywa

Mambo manne yanastahili kusemwa kwa sauti ya amri, na mwalimu anaweza kuyatumia kufundishia kauli hiyo katika ukanushi:

Usiweke waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi ikiungua mara mbili, inakuambia jambo.

Usifungue kifuniko kwa sababu tu umechomoa plagi. Kapasita kubwa hubaki na umeme baada ya kuchomolewa, nao huweza kumdhuru mtu vibaya.

Usimruhusu mtu akate saketi ya ulinzi ili "isizime tena". Haitazima, itaungua.

Usichomeke kifaa kabla ya kusoma volti zilizoandikwa nyuma. Mtumba wa Japani huwa wa volti 100 na wa Marekani volti 120. Ukiuchomeka kwenye 230 bila transfoma ya kupunguzia, utaungua mara moja.

Kwa matumizi ya darasani

Walimu wanaweza kujaribu haya:

1. Wanafunzi waandike vitenzi "kata", "zima", "ungua" na "vunja" katika kauli ya kutendwa na ya kutendeka, kisha waeleze ni wakati gani fundi angependa kusikia kila umbo.

2. Wafanye kazi wawili wawili. Mmoja achague kwa siri mojawapo ya hali sita zilizoelezwa hapo juu. Mwenzake aulize maswali yasiyozidi sita, kisha ataje chanzo. Maswali yawe na "lini", "wapi", "ngapi" na sharti la "-ki-".

3. Wageuze maneno ya mteja kuwa Kiswahili sanifu, kisha wajadili: kuna maana yoyote iliyopotea? Wenye ndugu au marafiki kutoka Kongo, Kenya na Zanzibar wakusanye majina ya spika, fyuzi na adapta yanayotumika huko, walete darasani.

Zoezi la tatu lisidharauliwe. Kamusi zetu zimetoa istilahi nyingi za umeme, lakini mafundi wamekuwa na zao kwa miaka mingi, na kila pwani ya ziwa ina zake. Mwanafunzi atakayejua istilahi ya kamusi pekee atapata alama nzuri katika mtihani. Atakayejua pia "bafle", "shoti" na "inazimaka" ataweza kurudi nyumbani na ampli inayofanya kazi, na pesa zake bado mfukoni.